Beringi za mbele za Land Cruiser pikapu: kuanzia mlio hadi kukaza nati

Mlio huanza ukiwa kwenye spidi ya 50 hivi, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Ukiongeza mwendo nao unapanda, ukipunguza unashuka. Wengi tunalaumu tairi, hasa tukiwa tumefunga zile za meno makubwa. Tunazipeleka za mbele nyuma na za nyuma mbele, mlio uko palepale. Wiki ya tatu unashuka kwenye gari, unagusa katikati ya rimu, na mkono unaruka wenyewe.

Mwongozo huu ni wa pikapu zenye ekseli ya mbele ya kipande kimoja: Land Cruiser 79, yule mkonga tunayemfahamu wote, na Hilux za zamani kama LN106. Hilux za siku hizi, Vigo na Revo, zina habari yake tofauti na nitaigusa karibu na mwisho. Gari langu linashinda bonde la Kilombero, likibeba mpunga na mbolea kati ya Ifakara na vijiji vya kuelekea Mlimba, na masika ya kule mnayajua. Nimebadilisha beringi nyingi kuliko nilivyopenda. Zilizokufa mapema, karibu zote, hazikufa kwa kukosa grisi. Ziliuawa na maji, au na mkono wa aliyekaza nati.

Kilichomo ndani

Kila habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu, ina beringi mbili za roli zilizochongoka, zimetazamana migongo: ndogo upande wa nje, kubwa upande wa ndani. Kila beringi ni vipande viwili. Kuna kikombe, ambacho hupigiliwa ndani ya habu, na kuna koni yenye roli zake, ambayo huvaa kwenye stabu, ule mhimili usiozunguka unaobeba habu. Roli zikiwa zimechongoka namna hiyo, nafasi kati ya koni na kikombe haikuja tayari kutoka kiwandani. Unaiweka wewe, kwa nati. Hapo ndipo raha na balaa ya mfumo huu ilipo: ukiiweka vizuri unatembea miaka, ukiiweka vibaya unanunua spea nyingine kabla ya mwezi kuisha.

Nyuma ya stabu kuna lile bakuli la duara, nakeli, linalozunguka unapokata kona. Ndani yake mna sivijointi, kiungo cha shafti kinachozungusha gurudumu hata ukikata kona, iliyozama kwenye grisi, na bakuli lenyewe limebebwa na beringi mbili ndogo za kingpini, juu na chini. Halafu kuna sili: moja nyuma ya habu, nyingine ndani ya mrija wa ekseli inayozuia oili ya difu (gia za ekseli) isiingie kwenye nakeli, na ile ya raba na sufi inayofuta tufe la mwisho wa ekseli kwa nje. Zikumbuke zote tatu, maana kila moja ina namna yake ya kukuletea hasara.

Kupima kabla hujafungua chochote

Egesha pasipo mteremko, weka mawe nyuma ya tairi za nyuma, inua kwa jeki chini ya ekseli kisha weka stendi. Usifanye kazi gari likiwa limesimama kwa jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika mbili.

Shika tairi juu na chini, mkono mmoja kila upande, utikise kama unayeng'oa kisiki. Likicheza, mwite mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea breki ikiwa imekanyagwa, tatizo ni beringi za habu. Ukibaki, tatizo ni kingpini, na hapo kukaza nati ya habu hakutakusaidia kitu. Nimeona watu wakikaza habu mara tatu kwa ugonjwa wa kingpini. Ukishika kulia na kushoto na tairi likacheza, angalia tairodi, zile fimbo za usukani, kwanza.

Kisha zungusha tairi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika springi. Beringi iliyochubuka inatuma mtetemo mpaka kwenye springi. Utauhisi kwenye vidole kabla sikio halijausikia. Barabarani, kata kona ndefu kushoto kisha kulia: uzito huhamia upande wa nje wa kona, kwa hiyo mlio unaoongezeka ukikata kushoto mara nyingi unatoka habu ya kulia. Mlio wa tak-tak-tak ukiwa umekata usukani mpaka mwisho na fowili (mvuto wa magurudumu yote manne) imeingia ni sivijointi, si beringi.

Angalia pia uchafu. Grisi nyepesi inayotiririka kama uji kwenye tufe la nakeli, huku oili ya difu ikipungua, maana yake sili ya ndani ya ekseli imechoka na oili inaosha grisi ya sivijointi. Grisi iliyorukia diski au ubavu wa ndani wa tairi ni sili ya habu.

Vifaa

Kitu kimoja hakina mbadala: soketi ya milimita 54. Ndiyo inayofungua nati mbili za habu kwenye Land Cruiser na Hilux hizi. Ukiikosa, fundi atachukua tindo na nyundo, atazigonga nati pembeni mpaka zigeuke, na chembe za chuma zitadondokea kwenye beringi mpya. Soketi hiyo inauzwa kwenye maduka ya spea, na bei yake haifiki ya seti ya beringi. Nunua yako, iwe ndani ya gari.

Mengine ni ya kawaida: spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), koleo la klipu, kipande cha shaba njano cha kugongea, nyundo, bisibisi bapa, waya wa kuning'inizia kalipa, mafuta ya taa, matambara yasiyoacha nyuzi, na mzani wa kuning'iniza kama ule wa wauza samaki. Kazi ya mzani utaijua baadaye.

Kufungua

Toa tairi. Fungua kalipa uitundike kwa waya kwenye springi. Usiiache ikining'inia kwa mpira wake wa breki. Fungua bolti za kifuniko cha friwili, kile kifaa kinachounganisha habu na shafti, ukitoe, kisha toa klipu iliyo kwenye ncha ya shafti. Baada ya hapo kuna nati 6 zinazoshika mwili wa friwili, na chini ya kila nati kuna kiwasha (washa ndogo) kilichochongoka chenye mpasuko ubavuni. Hivi vinanata. Usivichokoe kwa bisibisi. Legeza nati zibaki mwishoni mwa nyuzi, gonga mwili wa friwili kwa shaba huku unazunguka, navyo vitaruka kimoja kimoja. Vihesabu. Kikipotea kimoja na ukafunga bila hicho, studi zake zitaanza kulegea.

Sasa unaziona nati mbili na katikati yake washa ya kufungia yenye masikio. Nyoosha sikio lililokunjwa juu ya nati ya nje, fungua kwa soketi ya 54, toa washa, kisha nati ya ndani, kisha washa nene yenye ulimi unaoingia kwenye mfereji wa stabu. Vuta habu kidogo kuelekea kwako na uirudishe. Koni ya nje itajitokeza, ipokee kwa kiganja. Halafu vuta habu yote pamoja na diski yake. Ni nzito, kwa hiyo usiiburute juu ya nyuzi za stabu.

Sili ya nyuma ichomoe uitupe. Sili ya zamani hairudishwi, hata ikionekana nzima.

Kuosha na kusoma

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka kisibaki hata alama ya grisi ya zamani, kisha kausha. Kama una mashine ya upepo, usiizungushe koni kwa upepo ili isikike ikilia. Ni mchezo wa vijana wa gereji. Roli kavu zinachubuka, na ikipasuka inaweza kumrukia mtu.

Sasa kaa pahala penye mwanga, chukua koni, igeuze taratibu roli moja baada ya nyingine. Hii ndiyo kazi ambayo wengi wanairuka, na ndiyo inayokueleza gari lako limepatwa na nini. Roli safi zina rangi moja ya fedha iliyotulia. Ukiona rangi ya majani makavu au bluu, beringi imepikwa: ilikazwa mno au ilikauka. Vishimo vidogo kama ngozi ya ndui ni uchovu wa chuma, umri wake umefika. Mistari ya kutu iliyokaa kwa nafasi sawa na roli maana yake maji yaliingia, kisha gari likalala siku kadhaa bila kutembea. Vidimbwi vilivyopangana kwenye kikombe, pasipo kutu, mara nyingi ni alama za nyundo ya aliyefunga mara ya mwisho.

Pitisha ukucha ndani ya kikombe. Ukucha ukikwama, kikombe kimekwisha. Koni na kikombe hubadilishwa pamoja siku zote. Koni mpya juu ya kikombe kilichochubuka ni pesa uliyoitupa mtoni. Kwenye kununua, nenda na beringi ya zamani dukani na usome namba iliyochongwa juu yake. Boksi la jina kubwa lenye beringi isiyo na namba iliyochongwa vizuri, mimi huliacha kaunta.

Angalia na stabu. Sehemu zinazovaa koni ziwe laini. Ukikuta imechimbika, koni ilikuwa ikizungukia juu ya stabu, na beringi mpya haitakaa humo.

Kutoa na kuingiza vikombe

Ndani ya habu kuna nafasi ambapo ukingo wa kikombe unaonekana. Weka shaba pale, gonga upande mmoja, hamia upande wa pili, rudi. Kikombe kitoke sawasawa bila kulalia upande. Futa nyumba yake.

Cha kuingizia kizuri ni kikombe cha zamani chenyewe: kisage kidogo kwa nje kisikwame, ukiweke juu ya kipya, ugonge. Kikombe kipya kikilala kwenye friza usiku mmoja kinaingia kwa urahisi zaidi. Sikiliza sauti. Mwanzoni nyundo inalia kama inapiga bati; kikifika mwisho sauti inageuka nzito, dum, na nyundo inarudi mkononi. Kikiwa bado hakijafika na wewe ukafunga, kitajisogeza barabarani na habu itaanza kucheza baada ya siku chache, halafu utamlaumu aliyekuuzia.

Grisi

Tumia grisi ya lithiamu kompleksi, namba 2, inayostahimili joto. Rangi haikuambii chochote. Nyekundu ya kampuni hii na nyekundu ya ile huenda zimetengenezwa kwa vitu visivyopatana, na zikichanganyika zinakuwa maji. Ndiyo maana tuliosha mpaka chuma kikawa kitupu.

Weka fungu la grisi kwenye kiganja cha kushoto. Shika koni kwa kulia, upande mpana ukiwa chini, uukandamize ukingo wake kwenye grisi na kuuvuta kwako, kama unayekwangua ukoko wa wali kwenye sufuria. Rudia palepale mpaka uone grisi ikitokeza juu kati ya roli. Geuza kidogo, endelea, mpaka umalize duara. Kupaka kwa nje tu hakufai. Katikati ya roli kutabaki pakavu.

Ndani ya habu, paka grisi duara zima kwa kimo cha vikombe, isiteleze kushuka. Usiijaze mpaka juu. Habu iliyojazwa pomoni haina pa kupumulia, grisi inapata joto na kusukuma sili.

Weka koni ya ndani, kisha sili mpya, mdomo wake ukitazama beringi. Igonge kwa kipande cha ubao bapa, taratibu kuzunguka, na upake grisi kidogo mdomoni.

Kukaza, ambako beringi nyingi zimeuawa

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka gari kwenye gereji moja kabla ya msimu wa mavuno. Fundi alikuwa kijana mwenye nguvu na sifa zake. Alifunga nati, akaweka bomba kwenye mpini, akaning'inia. "Hii haitalegea, mzee." Kweli haikulegea. Siku ya nne habu ilitoa moshi, na nilipofungua koni ya nje ilikuwa ya bluu kama kanga ya sikukuu, imeng'ang'ania stabu mpaka tukaikata kwa grenda.

Nati hii haikazwi kwa nguvu, inakazwa kwa hatua. Rudisha habu kwenye stabu, weka koni ya nje iliyoshiba grisi, washa yenye ulimi, na nati ya ndani. Kaza kwa spana ya toki mpaka Nm 59 (nyutoni-mita, kipimo cha kukaza). Kazi ya kukaza huku ni kukalisha roli tu. Zungusha habu mbele na nyuma mara kadhaa, ukaze tena kwa kipimo hichohicho. Sasa legeza nati mpaka igeuke kwa vidole. Kisha kaza upya kwa Nm 5.4 tu. Ndiyo, tano nukta nne. Karibu nguvu ya kifundo cha mkono kwenye soketi bila mpini mrefu.

Hapa sasa ule mzani wa samaki. Pedi za breki zikiwa bado hazijarudi, ning'iniza ndoano kwenye studi moja ya tairi, vuta kufuata mzunguko, usome pale habu inapoanza kusogea. Kilo 3 mpaka 5 na nusu ni sawa. Chini ya hapo imelegea, juu ya hapo umeibana. Ongeza au punguza nati kidogo kidogo.

Weka washa ya kufungia, nati ya nje, ikaze Nm 64. Halafu pima tena kwa mzani, maana nati ya nje husukuma ile ya ndani na kubadilisha ulichokiweka. Watu wengi wanasahau kipimo hiki cha pili. Ukiridhika, kunja sikio moja la washa ndani juu ya nati ya kwanza, na jingine nje juu ya ya pili. Kitabu cha modeli yako kikitoa kipimo tofauti, fuata kitabu.

Funga friwili na viwasha vyake vyote, klipu, kifuniko, kalipa, tairi. Nati za tairi kaza kwa kuvuka, si kwa kuzunguka.

Nakeli na kingpini

Kama mchezo ulibaki breki ikiwa imekanyagwa, lazima uende ndani zaidi: toa stabu, vuta shafti na sivijointi yake, fungua mkono wa nakeli (ule unaosukumwa na usukani). Kingpini zinarekebishwa kwa shimu nyembamba, na mzani uleule ukivutwa mwisho wa mkono wa nakeli usome kati ya kilo 3 na 6, shafti na sili za tufe zikiwa bado hazijafungwa. Maadamu umeshafika huko, badilisha sili ya ndani ya ekseli hata kama haivuji. Sivijointi iwekewe grisi yenye molibideni, na bakuli lijazwe robo tatu.

Studi zinazoshika mkono wa nakeli ziheshimu. Zikilegea, mashimo yanapanuka, na siku moja zinakatika na usukani unakwenda na njia yake. Nm 96, na kila safari ndefu ya barabara mbovu zipitie kwa spana.

Maji

Ekseli ina kipumulio juu. Kikizibwa na matope, joto linasukuma oili kupitia kwenye sili. Halafu unaingia mtoni: chuma cha moto kinakutana na maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na kwa kuwa kipumulio kimeziba, ekseli inanyonya maji kupitia sili zilezile. Ukifika kivuko, simama dakika kumi ipoe, ndipo uvuke. Na kama maji yalipita juu ya habu na gari likasimama humo, usingoje ratiba, fungua. Mimi kwa kawaida hufungua kila kilomita 40,000, na msimu wa matope nusu yake.

Kitu kingine kinachosahaulika ni fowili yenyewe. Ingiza na utembee kilomita 16 hivi kila mwezi ili grisi ya sivijointi na oili ya difu vizunguke. Fanya hivyo kwenye vumbi, si kwenye lami kavu.

Mwenye Vigo au Revo ya fowili

Beringi yako ni ya kufungwa, haifunguliwi kuongezwa grisi na haina nati ya kurekebisha nafasi. Ikilia, inabadilishwa nzima. Ipelekwe kwenye mashine ya kukandamiza, na nguvu ipite kwenye ringi inayokazwa, kamwe isipite kwenye roli au gololi. Kama ina upande wa sumaku kwa ajili ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki), usiuegemeze kwenye kitu cha chuma na usiugeuze nje ndani, la sivyo taa ya ABS itawaka na utatafuta waya ambao haujakatika.

Kilomita mia za kwanza

Tembea kilomita 20, simama bila kubana breki sana, shika habu zote mbili za mbele. Vuguvugu ni sawa. Upande mmoja ukichoma na mwingine hauchomi, na kalipa haijakwama, umebana kupita kiasi: rudi nyumbani polepole, fungua, pima kwa mzani upya. Usijiambie itazoea. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za tairi, inua gari, tikisa juu na chini, kisha zungusha huku kidole kiko kwenye springi.